Hema jepesi la watu wawili kwa safari za Dodoma, Kondoa na Hanang: lipi ulinunue?

Lita moja ya maji ni kilo moja. Anayepanda Hanang kutokea Katesh na kulala mlimani habahatishi maji ya njiani; anabeba lita zake nne au tano mgongoni, na mwenzake vivyo hivyo. Sasa wasikilize watu hao hao wakiwa bado mjini, wanavyobishana kati ya hema la kilo 1.1 na la kilo 1.5. Tofauti ni gramu 400. Mkigawana mzigo, kila mmoja anaokoa gramu 200, yaani glasi ya maji. Uzito una maana, siukatai, lakini kwa safari za kanda yetu ya kati haufai kukaa mbele ya foleni.

Mbele ya foleni likae swali hili: hema litasimama? Mahema mepesi yanayosifiwa sana hupimwa kwenye nchi za mvua nyingi na udongo laini, kwa hiyo wanaoyapima hutanguliza mvua, kisha uzito, kisha nafasi. Dodoma hupata mvua kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei nchi inakauka. Ikifika Agosti na Septemba ardhi imekuwa ngumu, migunga imebaki miiba, na upepo wa mashariki unasomba vumbi jekundu mchana kutwa. Kwa hiyo hapa chini nimepanga vigezo kwa namna nyingine: ardhi, upepo na vumbi, jua, halafu ndiyo mvua.

Nimechukua mahema manne, kila moja likisimama kwa niaba ya aina yake.

La kwanza ni Big Agnes Copper Spur HV UL2, la kampuni ya Marekani. Lina fito za alumini zilizounganishwa tayari, milango miwili, na uzito wa karibu kilo 1.4 ukihesabu kila kilichomo mfukoni. Bei yake kiwandani inazidi dola 500.

La pili, Naturehike Cloud Up 2 kutoka China, ndilo hema jepesi ambalo wengi hulianza. Lina ufito wa alumini wenye matawi, mlango mmoja upande wa kichwa, na karibu kilo 1.5 likiwa la nailoni. Lile la poliesta ni zito zaidi kidogo. Bei ni dola mia moja na ushee, na mara nyingi linakuja na kitandiko chake cha chini.

La tatu ni Durston X-Mid 2, lililobuniwa na Mkanada Dan Durston. Hili halina fito kabisa, linasimamishwa kwa fimbo mbili za kupandia mlima. Ni kama kilo 1.1, milango miwili, mabaraza mawili, na bei inayozunguka dola 300.

La nne halina jina la maana. Ni lile hema la kuba la supamaketi na maduka ya Kariakoo, lenye fito mbili za faibaglasi zinazopishana juu, kilo mbili na nusu hadi tatu. Msilicheke mapema.

Kuna pia yale ya kitambaa cha Dyneema, kama Zpacks Duplex, yenye uzito wa takribani nusu kilo. Ni kazi nzuri ya ufundi. Lakini kitambaa hicho, pamoja na nguvu zake za kuvutwa, hakipendi kutobolewa na kitu chenye ncha, na hema lenyewe lina ukuta mmoja tu, bila chumba cha ndani chini ya kifuniko. Kulipa fedha nyingi ili ukalale chini ya mgunga, mimi naona ni kujitafutia presha. Nimeliweka kando.

Ardhi inapokataa kigingi

Hapa ndipo mahema haya yanapoachana, na ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Copper Spur na hema la kuba husimama yenyewe. Unaingiza fito, hema linainuka, unaliburuta hadi pale kivulini, ukiona jiwe linakuchoma mgongo unalihamisha tena. Kwenye miamba ya matale, kama ile iliyotapakaa kuzunguka Dodoma mjini na kwenye vilima vya Kondoa, uwezo huo una thamani kuliko gramu yoyote. Vigingi utavihitaji bado, ili upepo usilibebe hema na ili kifuniko cha nje kikae mbali na chumba cha ndani, lakini kamba ukizifunga kwenye mawe mambo yanakwenda.

Cloud Up liko katikati. Upande wa kichwa unasimama vizuri. Upande wa miguu una pembe mbili zinazodai kigingi, la sivyo sakafu inajikunja na kifuniko kinalegea. Mawe mawili makubwa yanatosha kuliokoa.

X-Mid ni habari nyingine. Pembe nne zisiposhikwa vizuri, hakuna hema, kuna kitambaa tu. Kwenye udongo wa kawaida ni hema la dakika chache: pembe nne chini, fimbo mbili ndani, umemaliza. Kwenye ardhi ya Septemba iliyokauka kama saruji, vile vigingi vyembamba vya waya vinapinda kigingi baada ya kigingi. Kwenye mchanga wa mto uliokauka inakuwa kinyume chake, kigingi kinaingia kwa kidole na kutoka kwa kidole. Dawa ipo. Mchangani, fukia mfuko uliojazwa mchanga au kipande cha mti kilicholala, ukiwa umekifunga kamba katikati. Kwenye ardhi ngumu, acha vigingi vya waya nyumbani, chukua vya alumini vyenye umbo la Y, au nenda duka la vifaa vya ujenzi ukanunue misumari ya inchi sita. Msumari mmoja una kama gramu 30, mara mbili ya kigingi kizuri cha alumini, lakini unapigwa kwa jiwe bila huruma na bei yake haikuumizi kichwa. Ufunge kitambaa chekundu kichwani, la sivyo asubuhi utauacha ardhini na ng'ombe wa mtu atauokota kwa kwato.

Kwa hiyo zile kilo 1.1 za X-Mid, ukiongeza misumari sita au minane na kamba za ziada za kufungia mawe, si kilo 1.1 tena. Na kama huna fimbo za kupandia mlima, utazinunua, kisha utazibeba. Anayetembea na fimbo siku zote anapata hema jepesi kweli. Asiyezitumia ajihesabie upya.

Upepo na vumbi

Kwa upepo, umbo lina kauli kuliko kitambaa. X-Mid likifungwa sawasawa ni imara sana, kuta zake zimelala na hakuna ufito mrefu wa kupinda. Copper Spur lina kuta zilizosimama kwa ajili ya nafasi, na kuta hizo ndizo upepo unaozitafuta. Funga kamba zote za pembeni, usiseme "tutafunga usiku ukichachamaa". Cloud Up ni fupi, linajitahidi, ilmradi mkia wake, ule upande wa miguu, uelekee upepo unakotoka. Hema la kuba lenye faibaglasi ndilo linaloniogopesha: ufito wa faibaglasi haupindi ukabaki umepinda, unapasuka kwa urefu na kutoa vijiti vinavyochana kitambaa na vidole.

Vumbi linataka maelezo zaidi, maana wauzaji hawaligusi. Mahema haya yana tabaka mbili: kifuniko cha nje cha kuzuia mvua na chumba cha ndani. Chumba cha ndani kikiwa neti tupu, hewa inapita vizuri na joto la Oktoba linavumilika, lakini vumbi laini linapenya chini ya kifuniko, linachujwa na neti, linakushukia usoni. Asubuhi begi la kulalia limekuwa na rangi ya tofali. Chumba cha kitambaa kilichopanda angalau nusu ya ukuta kinazuia sehemu kubwa ya hayo, na mlimani kinazuia baridi. X-Mid linauzwa kwa namna mbili, neti au kitambaa, na kwa kanda hii ningelipa ziada kidogo nipate la kitambaa. Copper Spur lina neti nyingi. Matoleo ya Cloud Up hutofautiana, kwa hiyo itazame picha ya chumba cha ndani kikiwa peke yake, bila kifuniko, kabla hujatuma fedha.

Wapo watakaosema watalala chini ya turubai tu, bila chumba cha ndani. Kwa nchi yenye nge, nyoka na siafu, mimi nataka sakafu iliyoshonwa pamoja na kuta, na zipu inayofunga hadi mwisho.

Zipu yenyewe ndiyo inayokufa kwanza kwenye vumbi. Mswaki mkuukuu na maji kidogo baada ya kila safari huirefushia maisha. Ikianza kuachia meno, mara nyingi kilicholegea ni kile kichwa cha kuvutia, na fundi wa viatu au wa mabegi anakibadilisha kwa bei ndogo. Hema lenye milango miwili lina faida hapa ambayo haitajwi: zipu moja ikigoma, mnatokea mlango wa pili. Cloud Up halina mlango wa pili.

Miiba, halafu jua

Miiba siizungumzii sana kwa sababu jibu ni moja kwa mahema yote: fagia. Kata tawi kavu, fagia eneo lote, kisha pitisha kiganja taratibu. Tandika karatasi gumu la nailoni, lile la kununua kwa mita, ulikate dogo kidogo kuliko sakafu ya hema ili mvua isikusanyike juu yake. Na ukiwa na godoro la kujaza upepo, uwe na viraka. Mkeka wa povu ni mnene kubeba lakini hautobolewi ukakuangusha saa nane usiku.

Jua ni jambo la taratibu. Tuko kama nyuzi sita kusini mwa ikweta, na Dodoma mjini iko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Nailoni nyembamba hudhoofishwa na miale ya jua upesi kuliko poliesta. Pia nailoni hunywa unyevu na kulegea usiku, inakulazimu utoke kukaza kamba. Poliesta hailegei namna hiyo. Kwa hoja hizi mbili X-Mid, ambalo ni la poliesta, linamshinda Copper Spur la nailoni, na hata lile Cloud Up la poliesta linaloonekana duni kwenye tangazo lina hoja yake. Ikiwa mnakaa kambi moja siku kadhaa, mkiondoka asubuhi liangusheni hema mlikunje. Kulianika kutwa nzima ni kulizeesha bure.

Mvua, kwa wanaosafiri Desemba hadi Aprili

Utakutana na namba kama milimita 1,500 au 3,000. Ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinakihimili kabla ya kuvuja. Kwa kifuniko cha juu, 1,500 kikiwa kipya kinatosha mvua zetu. Sakafu ndiyo inayohitaji zaidi, kwa sababu magoti na viwiko hukandamiza maji kutoka chini. Kuliko namba, kagua mishono. Kitambaa kilichopakwa silikoni pande zote mbili hakishiki utepe wa kuziba mishono, na mahema mengine huja bila kuzibwa ili upake gundi ya silikoni mwenyewe. Wengi hugundua hilo usiku wa mvua ya kwanza.

X-Mid lina ujanja mmoja mzuri: kifuniko cha nje kinatangulia, chumba cha ndani kinaning'inizwa baadaye, kwa hiyo mnajenga mvuani na ndani mnabaki pakavu. Copper Spur na Cloud Up kwa kawaida huanza na chumba cha ndani. Mkiwa wepesi hamtalowa sana. Hema la kuba la bei nafuu mara nyingi lina kijikofia tu cha juu badala ya kifuniko kamili. Kwa mvua ya upepo linaingiza maji pembeni, hakuna la kujadili.

Hakuna hema linaloshinda mahali pabaya. Mito yetu ya mchanga inaonekana mitulivu na laini, kitanda cha bure, lakini mvua ikinyesha juu huko ambako hata wingu hamlioni, maji yanashuka kwa ghafla. Yaliyotokea Katesh mwanzoni mwa Desemba 2023, pale tope na mawe viliposhuka kutoka Hanang, yanatosha kumfanya mtu akae mbali na makorongo msimu wote wa mvua.

Watu wawili ni watu wawili wa aina gani?

Chukua futi, upime godoro lako kabla ya kusoma sifa yoyote. Cloud Up lina upana wa sentimita 125 hivi. Magodoro mawili ya sentimita 51 yanaingia na nafasi kidogo inabaki. Mawili ya sentimita 64 hayaingii, moja litapanda ukuta. Copper Spur lina kama sentimita 132 kichwani lakini miguuni linabana hadi 107, kwa hiyo hata hapo magodoro mapana yanagombana kwenye nyayo. Sakafu ya X-Mid ina upana ule ule kichwani na miguuni, haibani.

Kwa mume na mke, au ndugu waliokulia kitanda kimoja, Cloud Up linatosha. Kwa wafanyakazi wenza wawili wenye miraba minne, milango miwili si anasa. Mmoja anatoka usiku bila kumkanyaga mwenzake, na kila mmoja ana baraza lake la kuweka viatu na begi. Chakula kifungwe vizuri na kisilale barazani, fisi wa maeneo haya wana pua.

Bei ya mwisho

Ile bei ya dola si utakayolipa. Ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Copper Spur linafika mikononi mwako likiwa na bei ya pikipiki ya mkononi, na vipuri vyake viko mbali. Ufito wa alumini ukivunjika njiani unaunganishwa kwa kipande cha bomba la alumini kinachokuja na hema. Hakikisha kipo, usikitupe ukidhani ni takataka. X-Mid ndilo rahisi kuliko yote kutengeneza kwa upande huo, kwa kuwa fimbo ikivunjika mti mkavu ulionyooka unashika nafasi yake.

Kabla ya kununua jipya, jueni kwamba Moshi na Arusha kuna wakodishaji wa vifaa vya mlima kwa sababu ya Kilimanjaro na Meru. Kwa anayepanda Hanang mara moja kwa mwaka kukodi ni akili. Na mitumba ya mahema hupatikana kwa bahati. Ukilipata, lifungue lote palepale, usione haya. Gusa upande wa ndani wa kifuniko: kama unanata vidole na una harufu kali ya uvundo, ule utando wa kuzuia maji umeshaoza, na hakuna kuosha kutakakourudisha. Unganisha fito zote, zivute zipu zote, kisha ndipo mzungumze bei.

Mimi ningechagua hivi. Kwa anayetembea Kondoa, vilima vya Chenene na Hanang kati ya Juni na Oktoba, na ana fedha, Copper Spur. Si kwa wepesi wake, ni kwa sababu linasimama juu ya mwamba. Kwa anayetembea na fimbo daima na yuko tayari kujifunza kufunga kamba kwenye mawe, X-Mid lenye chumba cha kitambaa ni bora kuliko Copper Spur, tena kwa bei pungufu. Kwa wengi waliobaki, Cloud Up la poliesta na misumari ya inchi sita. Gramu zinazozidi hapo mtazifidia kwa kuacha sufuria ya pili.

Na mwenye lile la kuba la Kariakoo? Asilitupe. Kwa Bwawa la Hombolo, mahali pa kufika na gari au bodaboda msimu wa kiangazi, linafanya kazi yake. Anunue kwanza kamba nzuri na vigingi vya maana, fedha inayobaki aiweke kwenye begi la kulalia, maana usiku wa Julai hapa hushuka hadi nyuzi 13 hivi.